Kabichi za Mama Zaina

Masuguru, Korogwe

Dada Neema, shikamoo. Huku mvua haikatiki, na mimi kichwa kimevurugika. Mama Zaina, mkulima wa Vugiri, aliandika magunia matatu ya kabichi kwenye tovuti ya kuuzia mazao niliyowatengenezea wakulima wa huku. Wanunuzi hawakuona hata moja.

"Mwanangu, zitaniozea!" akalalamika Mama Zaina.

Kumbe ndani ya tovuti hesabu ya magunia ilitunzwa sehemu mbili zisizosikilizana. Nikaziunganisha, nikafungasha faili zote za tovuti upya, programu ikasema hakuna kosa. Yakatokea magunia sita badala ya matatu! Kabla sijarekebisha, mnunuzi akampigia Mama Zaina simu, anayataka yote sita.

"Ninayo," akajibu Mama Zaina. "Mengine matatu niliyaacha nyumbani, sikuyaandika."

Amenipa hindi la kuchoma na shukrani. Sijui nimetengeneza au nimeharibu. Nibusie wanao, nimewakumbuka mno.

Mdogo wako, Juma