Hukumuuliza Nyanya Jikoni

Ng'ambo ya Kiogoro,
Agosti 1972

Kaka yangu Manasseh,

Mtoto ametumbukiza mkono wote ndani ya uji sasa hivi na kuupiga juu ya karatasi hii, pap, halafu akaniangalia aone kama nitamchapa. Nilicheka. Basi hilo doa unaloliona hapo juu ni salamu ya mpwa wako. Meno yametoka na anauma. Sisi tu wazima, chai imechipua vizuri, na kikohozi cha Nyanya kimepungua. Natumaini huko Nairobi unakula, unalala, na masomo hayajakukausha mwili.

Hizo ndizo salamu. Sasa nina hasira na wewe, kaka, na nitaisema yote ingawa wewe uko chuo kikuu na mimi niliachia darasa la sita.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Mwalimu Okemwa alisimama akatusomea ile historia yako ya vita na Waingereza. Alisema itatoka kitabu, lakini yeye ataanza kuwafundisha watoto sasa hivi. Watu wakapiga makofi. Nikasikia kwamba wanaume, wakiongozwa na marehemu Makori, ndio walioficha ng'ombe kwenye kinamasi. Nikasikia kwamba wanawake uliowauliza hawakumbuki chochote. Manasseh! Hawakumbuki! Nyanya alikuwa ameketi karibu nami, akawa anaangalia miguu yake tu.

Nakumbuka siku uliyokuja na mashine yako ya tepu. Ulimkalisha Nyanya sebuleni. Huku baba, mwanawe wa kumzaa. Kule Mzee Ombati, mume wa shangazi, mkwe wake. Ukamuuliza mbele yao wanawake walikuwa wapi askari walipofika. Nyanya akajifunika mdomo kwa leso, akasema hajui, waulizwe wanaume. Nawe ukaandika hajui! Ulilelewa na nani wewe? Mgusii gani asiyejua chinsoni, miiko yetu ya haya? Mama hataji mambo ya mwili mbele ya mwanawe, na mbele ya mkwe hata kukohoa anaona haya. Sisi wajukuu ndio anaotutania apendavyo. Wewe anakuita mume wake tangu ulipokuwa unatambaa. Huko chuoni walikufundisha kufungua mashine, hawakukufundisha nani akae na nani atoke nje?

Baada ya mkutano nilimsindikiza nyumbani, nikaingia naye jikoni, tukawa tunachambua mboga ya chinsaga. Nikamwambia mume wake amemtukana mbele ya wazazi wote. Akacheka. Akasema mume huyo alikuja kumbembeleza huku ameleta wakwe wasikilize, alitaka ajibiwe nini? Kisha akanieleza.

Walioficha ng'ombe walikuwa wanawake na wasichana. Wanaume walikuwa wameshakwenda na mikuki yao. Ndama wakaanza kulia, na kilio kingewaleta askari. Mama yake Nyanya, Bitutu, akavua ngozi aliyovaa akamfunga ndama mdomo. Wengine wote wakavua, wakafanya vivyo hivyo. Wakasimama kutwa ndani ya maji, mama na binti, uchi. Nyanya alikuwa msichana mdogo, maji yalimfika kifuani. Hayo ndiyo uliyotaka ayasimulie mbele ya Mzee Ombati.

Jioni wakasikia sauti ya mtu wa huku ng'ambo wanayemjua, anawaita kwa majina, anasema askari wameondoka, tokeni. Bitutu akatoka wa kwanza. Askari walikuwa pale pale. Wakampiga risasi ukingoni, na ng'ombe wakachukuliwa. Aliyekuwa akiita ni Makori.

Kaka, unajua nimeolewa nyumba ya nani. Unajua mtoto wangu amepewa jina la nani. Nilimuuliza Nyanya kwa nini alinyamaza siku ya mahari. Akasema waliokaa mahari ni wanawe na wakwe zake. Angewaambia aliisikia sauti ile akiwa wapi, amevaa nini? Ndiyo maana hajawahi kumwita mtoto kwa jina, humwita mgeni. Mimi nilidhani ni utani. Nililia mpaka mboga ikaungua.

Usichapishe. Njoo kwanza. Baba nitamtuma Kisii sokoni. Uingie jikoni peke yako, ukae chini, umuulize, na akinyamaza umngoje. Kisha uje uwaulize na watu wa huku, maana Nyanya mwenyewe anasema huenda Makori alikuwa ameshikiwa bunduki mgongoni. Yeye alisikia sauti tu, hakuona. Hilo nalo uliandike.

Mume wangu bado sijamwambia. Nitamwambia kwa mdomo wangu, asije akayasoma kitabuni. Ni mtu mwema, na mtoto hana kosa. Nataka siku moja mtoto huyu asome jina la Bitutu darasani, na hilo lake pia, yote mawili kama yalivyokuwa. Lakini ukichapisha ule uongo, nitasimama siku ya wazazi ijayo niyaseme haya mbele ya Okemwa, hata nikifukuzwa kwenye boma hili.

Baba na mama wanakusalimu sana. Nyanya anasema mke wako mzee anakungoja, usije na wakwe. Wasalimie wote unaokaa nao, na ukipata barua hii unijibu upesi, maana sasa mama mkwe ananiita huko nje, Mama Makori, Mama Makori, anataka nimpelekee mtoto, na mimi sijui nitaitikaje jina hilo kabla hujaja.

Dada yako