Mzee Kona na Jumamosi Zangu

Jumamosi, 14 Juni

Ukungu mpaka saa nne, halafu manyunyu, halafu ukungu tena. Tukuyu haina hali ya hewa, ina kinyongo.

Wiki nzima nimekagua parachichi za kwenda Ulaya. Kubonyeza, kunusa, kukataa. Wazungu wasile lenye doa. Madoa tunakula wenyewe.

Nimetoka kazini moja kwa moja mpaka kwa Asajile, Bulyaga. Kitimoto ya Asajile ni mojawapo ya sababu za mimi kutotaka tena Dar. Doreen alishafika. Tumesoma wote tangu kidato cha kwanza. Sasa anauza kwenye duka la dawa: asubuhi anawakataza watu mafuta, jioni anaanza na ngozi. Shamsia, wa tatu wetu, alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye banda la chai na chapati. Kwake nguruwe hata harufu hapana. Kwa hiyo tunaongea kwa simu huku tunaonana.

— Wewe Tupo, futa mdomo, unang'aa mpaka huku! Shamsia akaniambia.

Benchi zilijaa. Mzee mmoja akasogea. Kaeni wanangu, mimi ni mwembamba. Si mwembamba hata kidogo! Wanamwita Mzee Kona, aliendesha malori ya masafa miaka yote, amestaafu. Anakuja mjini kila Jumamosi. Tumebishana kama ndizi za kitimoto zichomwe au zichemshwe. Nilimwambia kuchemsha ni kuzidhalilisha. Akaniambia wewe umesoma sana, elimu imekuharibu ulimi. Halafu akasimulia alivyopakia nguruwe Makambako, akafika nao Dar wameongezeka, na mwenye mzigo akamshika koo akitaka kujua hawa wengine kaiba wapi. Bia imenitoka puani. Puani!

Sijacheka hivi tangu chuo.

Godwin, mchumba wangu, alipiga simu katikati ya kicheko. Nikamwambia nipo dukani kwa Shamsia, napima kitenge. Kwa nini nimedanganya? Sijui.

Najua. Mwezi uliopita alisema mke wa mtu haonekani vibandani. Alisema kwa upole, kama mtu anayekutoa jani kwenye nywele.

Jumapili, 15 Juni

Posa imepangwa. Tarehe 19 Julai, hapa hapa nyumbani Makandana. Mama amefurahi, amefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Baada ya chakula Bibi akaanza somo. Baba mkwe haangaliwi. Huli naye, huketi naye, ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Jina lake hulitaji. Bibi anasema ndiko kutila, kumwogopa mkwe, na yeye alimwogopa wake miaka thelathini bila kumjua sura. Alisema kwa fahari. Nikauliza: je, alikuwa mtu mzuri? Bibi akafikiri. "Alikuwa na kivuli kirefu."

Mama anasema siku hizi watu wanapeana mikono kanisani na dunia haijaanguka. Lakini familia ya kina Godwin huko Kisondela, kwa Mzee Ambindwile, bado wanashika kabisa.

Nimesoma takwimu miaka mitatu ili nije kujificha migombani.

Godwin yuko Dodoma, ofisini, mwaka wa tatu sasa. Kwao sijawahi kufika. Ninachojua ni kwamba baba yake ni mkali, mzee wa kanisa, na mgonjwa. Nampenda Godwin? Ndiyo. Ananitumia ujumbe wenye nukta na mkato. Nani mwingine hufanya hivyo?

Jumamosi, 21 Juni

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu!

Ziwa Masoko, sisi watatu kwenye IST ya Shamsia, na Mzee Kona. Tulimkuta stendi, kofia mkononi. Mnaenda wapi? Masoko. Kwa huyu dereva? Shamsia akamwambia mzee, panda, ila usinifundishe. Kufika Bulyaga alishashika usukani. Nimeelewa kwa nini wanamwita Kona. Hazipunguzii mwendo, anazisalimia: "Ugonile!" — na gari linalala upande. Shamsia alisoma dua mpaka ziwani. Doreen alisoma zake za Kikristo. Mimi nilipiga kelele tu.

Ziwani tulikula mahindi ya kuchoma, tukatazama maji. Mzee aliniuliza nasoma nini siku hizi. Hakuna anayeniuliza hivyo! Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyo mwandishi wako angepanda lori wiki moja angeandika kwa ufupi zaidi.

Kurudi, mvua. Tukajikinga kwenye kilabu cha pombe ya kimpumu. Chungu katikati, maji ya moto juu ya ulezi, kila mtu na mrija wake. Shamsia na karanga zake pembeni, anatucheka tunavyovuta kama ndama. Mrija wangu ukaziba. Mzee akanipa wake. Vuta, mwanangu, taratibu, usiguse chini. Tukapokezana mrija mmoja mpaka mvua ikakatika, yeye akisimulia jinsi alivyolala siku tatu mpakani Tunduma na mzigo wa vitunguu.

Tukimshusha njia panda ya Kisondela nikamuuliza nyumbani wanajua anazurura hivi? Akavaa kofia. "Nyumbani nimeenda kupima presha."

Tumecheka mpaka Makandana.

Alhamisi, 26 Juni

Kazi. Baridi. Meneja kakataa parachichi nililolikubali. Nimelila mbele yake.

Jumapili, 29 Juni

Nimefunga mlango kwa komeo ndipo niandike.

Godwin kanitumia picha. Kipaimara cha mdogo wake, leo, kanisani kwao. Ukoo mzima kwenye ngazi. "Huyu wa katikati ndiye baba yangu. Tangu aokoke ni miaka kumi, hajagusa pombe."

Suti ya kijivu. Biblia kifuani. Kofia ile ile mkononi.

Mzee Kona!

Nimekuza picha mpaka pua ikawa vidoti. Ni yeye. Nimekula naye sinia moja. Nimepokezana naye mrija! Bibi akijua atazimia, akizinduka ataniita mchawi.

Na jina. Jina lake ndilo la mwisho la Godwin. Kuanzia sasa sitakiwi kulitamka. Nitaolewa na mtu ambaye nusu ya jina lake hairuhusiwi mdomoni mwangu, halafu wataniita Bi. nani? Bi. Kikohozi?

Nilimjibu Godwin: "Anaonekana mtu wa heshima." Na nukta.

Jumatatu, 30 Juni

Nimewaambia. Doreen alikaa chini, sakafuni, dukani kwake, katikati ya wateja. Shamsia alicheka hadi mtandio ukaanguka. Halafu akauliza: "Na yeye anajua?"

Hajui.

Jumamosi, 5 Julai

Anajua.

Tulipanga hivi: Doreen atangulie kwa Asajile amweleze mzee taratibu, mimi nisubiri ng'ambo na Shamsia. Nikakaa kwenye chai na chapati nimejifunika khanga ya Shamsia. Nikamwona Doreen anainama, anasema naye. Mzee akaacha kutafuna. Akaweka ubavu wa nguruwe chini kama anaweka mtoto. Kisha akageuka kutazama barabarani, na mimi, mpumbavu, nikapunga mkono! Mazoea!

Mzee wa miaka sabini kasoro akavuta koti juu ya kichwa. Akarudi nyuma, akaingia jikoni kinyumenyume, akakanyaga beseni la ndizi. Tulisikia masufuria. Asajile akatoka na mwiko: nani kamkimbiza mteja wangu? Watu wote wakatazama ng'ambo, kwangu. Kwenye barabara nzima ya Bulyaga mimi ndiye niliyekuwa tishio.

Doreen na Shamsia walicheka mpaka chapati zikapoa. Nilicheka pia. Nimefika nyumbani nikaona silii kwa sababu ya aibu. Ni lile koti juu ya kichwa. Mtu aliyeniuliza nasoma nini ananikimbia kinyumenyume, na hivyo ndivyo anavyoniheshimu.

Jumatano, 9 Julai

Shamsia amekuwa mshenga wa vibanda. Mzee alikuja dukani kwake, akasimama nje, akaongea na vitenge:

Mwambie yule mtu kwamba mimi nitakuwa mjini Jumamosi. Yeye achukue Ijumaa. Kwa Asajile abaki nako yeye, mimi mzee nitatafuta kwingine. Kimpumu sitaonekana tena.

Shamsia akamwambia: Mzee, mbona unampa kila kitu? Akajibu: yule ni mke wa mwanangu, mimi ni presha tu.

Nikamrudishia ujumbe: Jumamosi achukue yeye, kwa Asajile pia, ila ndizi azile za kuchoma. Shamsia anasema mzee aliposikia hilo la ndizi alinunua kitenge ambacho hakukihitaji. Shamsia hajui kukataa biashara hata kwenye huzuni.

Jumamosi, 12 Julai

Godwin amekuja kwa mapumziko. Mrefu, safi, ananukia sabuni. Nilifurahi kumwona, nisidanganye karatasi. Akanipeleka kwenye hoteli yenye vitambaa mezani. Tukala kuku aliyekatwa vipande vya kuogopana. Soda. Muziki wa kuogea. Nikamwambia twende Masoko kesho, tule mahindi. Akasema mahindi yanaingia kwenye meno.

Nikauliza habari za baba. Sauti yake ikashuka. Hali si nzuri, kila Jumamosi lazima aje kupima, na hapendi kusindikizwa. Anarudi amechoka, analala mapema, anatafuna majani ya mnanaa kwa ajili ya tumbo.

Mnanaa! Nilikunywa soda ili mdomo uwe na kazi.

— Kwenu huwa mnacheka? nikamuuliza.

— Kucheka nini?

Aliuliza kwa dhati. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua kama kuna jambo maalumu. Akaendelea: tukishafunga ndoa, zile safari zako na kina Doreen ziishe zenyewe taratibu, hakuna haja ya ugomvi. Mama yake alikuwa mtu wa ngoma zamani, akaacha. Baba alikuwa na makelele, akaacha. Nyumba ina amani.

Nimerudi nimekaa kitandani na viatu. Nyumba ina amani. Ndani yake kuna mtu mmoja anayependa maisha, na ili ayapate amelazimika kujiita jina jingine na kujitungia ugonjwa. Tatizo langu si kutila. Naweza kumkimbia mkwe, hata kwa mbio, nilikuwa mwanariadha wa bweni. Tatizo ni kwamba nikiingia mle nitakuwa yeye. Nitakuwa na kliniki yangu. Nitakuwa na mnanaa wangu.

Na Godwin nampenda. Andika hilo pia.

Jumatano, 16 Julai

Nilitaka kumwambia Godwin kila kitu kwa simu. Nikamsikia anavyopumua kwa utulivu. Nikamuuliza kama amekula.

Jumamosi, 19 Julai

Saa tisa alasiri. Naandikia magotini, chumba cha nyuma, nimevikwa vitenge viwili. Doreen yuko dirishani. Bibi mlangoni kama askari. Sebuleni wamefika mshenga na wajomba wawili wa Godwin. Wanazungumzia ng'ombe, halafu mvua, halafu ng'ombe. Baadaye nitaitwa na kuulizwa mbele ya watu: unawafahamu hawa? Nikisema ndiyo, posa inaendelea. Nikisema siwafahamu, wanabeba vikapu vyao wanakwenda.

Baba wa kijana huwa haji. Lakini Doreen ameona gari getini, na yumo. Suti ya kijivu, vioo vimefungwa. Amewaambia wajomba anataka awe karibu na hospitali, presha isije ikapanda. Doreen ameuma pazia asicheke.

Godwin ametuma ujumbe kutoka kwa shangazi yake Bulyaga anakosubiri: "Ukiulizwa, jibu kwa ufupi."

Shamsia amempelekea mzee chai garini. Amerudi sasa hivi, hatabasamu. Amechuchumaa mbele yangu, ameninong'oneza ili Bibi asisikie. Mzee amesema hivi: mwambie yule mtu, akiulizwa kama anatufahamu, aseme anavyotufahamu. Wote, na mimi. Sitakana. Nimechoka kuumwa presha.

Nimemwambia arudie. Amerudia.

Kwa hiyo, nikitaja chungu kile cha kimpumu, mzee anavuliwa uzee wa kanisa na Godwin anamjua baba yake leo, kutoka midomoni mwa wajomba. Nikinyamaza, naolewa vizuri sana. Sijui Godwin atamfanya nini mtu aliyemdanganya miaka kumi. Hilo nalitaka kulijua kabla ya ndoa, si baada yake.

Mama anaita. "Tupokigwe!" Sauti ya wageni.

Bibi ananipa khanga nifunike kichwa, niiname, nisitazame mtu. Nimeishika mkononi.

Mama tena.

Doreen: "Ameshuka! Tupo, mzee ameshuka, anakuja mlangoni!" Bibi ananivuta kuelekea nyuma ya kabati, upesi, upesi, mkwe huyo! Sebuleni wameacha habari za ng'ombe. Nasikia viatu kwenye veranda, taratibu, na mtu anabisha hodi kwa sauti ile ya barabarani. Bibi anavuta mkono. Doreen ananitazama, Shamsia ananitazama, wanasubiri nijifiche.

Bado nimekaa.