Ninachopiga Kwenye Piano ya Hoteli

Kitale,
mwezi wa Agosti

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umetulia, na mvua ya huko milimani imewaachia njia ya kwenda sokoni. Baba anaendeleaje na kifua? Bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo nzito, ila si ya kukufanya ushindwe kula.

Barua yako niliipata. Umeniuliza kwa nini sijarudi Taita tangu tumzike mume wangu Wekesa, tena umeuliza kama ni kweli napiga muziki kwenye baa. Sijui habari hizo zilikufikiaje mbali huko. Wacha nikueleze mwenyewe.

Baada ya mazishi nilikaa Misikhu kwa mama mkwe. Hakunifanyia ubaya wowote. Lakini nilikuwa naamka, naketi kitandani, nashindwa kusimama, mpaka Nanjala ananiletea chai. Mtoto wa darasa la pili ndiye anamtunza mama yake. Nilipopata kazi hapa hotelini, mama mkwe akasema, "Enda. Lakini mtoto abaki kwanza, tuone vile utakaa." Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaja Kitale peke yangu.

Kazi yangu ni kupeleka chai kwenye sebule ya wageni. Wengi ni wanunuzi wa mahindi, wanazungumza bei tangu waingie mpaka watoke. Kwenye kona kuna piano, na aliyekuwa akiipiga ni Mzee Karanja, mtu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakapata shamba huku. Alikuwa anapiga taratibu sana, chini ya mazungumzo ya watu. Hujui wimbo umeanza saa ngapi wala unaelekea wapi. Mimi ninayejua nyimbo za kanisani tu, zenye beti na mwisho wake, nilikuwa nasimama na sinia nikisahau chai ya watu.

Siku moja mchana mvua ilinyesha mpaka sebule ikabaki tupu. Mzee akaniita. "Mama Nanjala, wewe unaimbanga pole pole ukipanguza meza. Kuja ukae hapa."

Nikamwambia sijawahi kugusa piano.

"Ndiyo vizuri. Hujaharibika bado."

Akaniwekea mkono wa kushoto kwenye vibao vitatu, nivibonyeze pamoja, nihesabu kimoyomoyo, kisha nihamie vitatu vingine. Kwa siku nyingi ilikuwa hiyo tu, kila mchana wageni wakishaondoka. Vidole vyangu vimekakamaa kwa kufua, viliniuma. Mkono wa kushoto ulipoanza kwenda wenyewe, akaniambia nipige kwa mkono wa kulia wimbo wowote ninaoujua. Nikapiga ule tuliokuwa tunaimba kwenye ibada ya jioni.

"Sasa uache," akasema. "Usiupige. Zunguka karibu nao."

Hapo nilikwama, Mama. Kila nikiacha wimbo, naona giza. Vidole vinasimama kabisa, kama mimi kule kitandani Misikhu. Nilimwambia siwezi kutunga kitu kutoka kichwani, kichwa changu hakina kitu tangu mume wangu afe.

Mzee hakunipa pole. Alisema, "Basi chukua sauti tatu tu. Ziseme. Nyamaza. Ziseme tena, ubadilishe kidogo. Usijaze kila mahali, wacha mkono wa kushoto utembee. Na ukigusa mbaya usishtuke. Iguse tena pole pole, watu watafikiria ulitaka hivyo."

Nilijaribu. Ilikuwa mbaya. Kesho yake ikawa mbaya kidogo tu. Siwezi kusema nilifurahi, ila kwa muda huo mfupi nilikuwa sifikirii hospitali alikofia Wekesa.

Baadaye ndiyo nikaona kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi. Alikuwa anauficha mapajani akinifundisha. Mwezi wa Mei akaanguka nyumbani kwake, upande mmoja wote ukapooza. Meneja akaniambia, "Wewe si huwa unagusagusa hiyo piano? Keti hapo mpaka tupate mtu."

Jumamosi iliyofuata nilipiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Katikati nikapotea kabisa, sikujua niko wapi, nikashika sauti zangu tatu na kuzirudia. Mnunuzi mmoja wa mahindi akanigeukia na kusema, "Mama, ongeza chai hapa." Sikuinuka. Mkono wa kushoto uliendelea, nikamwonyesha kwa kichwa mwenzangu aliyekuwa mlangoni.

Nilikwenda kumwona Mzee kwa binti yake, nje kidogo ya mji. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. Aliniuliza, "Walisikiza?" Nikasema hapana, waliongea tu. Akatabasamu upande mmoja wa uso. "Hiyo ndiyo kazi." Hatukuonana tena akiwa hai. Tulimzika mwanzo wa Julai, kwenye matope, na pale kaburini hapakuwa na mtu wa kupiga kitu.

Hicho ndicho ninachopiga, Mama. Wanaokunywa pombe wanakunywa, siwezi kukudanganya. Lakini mtu mmoja wa Misikhu aliniona akaenda kusema kule kwamba mke wa marehemu Wekesa anacheza dansi na walevi. Mama mkwe akatuma ujumbe kwamba Nanjala hatakuja likizo. Nilirudi tena kuwa yule wa kuketi kitandani.

Alhamisi iliyopita nikiwa kwenye piano nilimwona mama mkwe mlangoni, na kikapu chake na kitambaa cha kanisa kichwani. Hakunisalimia. Akaketi karibu na dirisha, akaweka kikapu mapajani. Nilitaka kukimbilia wimbo wa dini ili anione vizuri. Vidole vikakataa. Nikaendelea vile vile nilivyokuwa, pole pole, nikinyamaza na kurudia, mpaka nikamaliza.

Nilipomfuata alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Chai haikuguswa.

"Kumbe ni hii tu," akasema. "Ati dansi. Hii ni kama mtu anaongea peke yake akipika."

Nikaketi. Akapangusa uso, kisha akasema, "Wekesa alikuwa anapiga mluzi hivyo. Akitoka kuchunga, kabla aanze kazi ya lori. Nilikuwa namjua kwa mluzi huo tu, hata kama hajafika."

Mama, mimi sikuwahi kumsikia Wekesa akipiga mluzi. Nilimpata akiwa dereva tayari, anarudi amechoka, anasinzia na chakula mkononi. Nikamwomba anionyeshe ulivyokuwa. Akalainisha midomo, akajaribu, pumzi ikatoka tupu. Akajaribu tena. Kisha tukalia wote wawili hapo sebuleni, na wanunuzi wa mahindi wakapunguza sauti.

Mama mkwe amekubali, Nanjala atakuja Jumamosi, akae mpaka shule zifunguliwe. Baada ya hapo sijui. Meneja anasema atanunua radio ya kaseti, na piano huenda ikauzwa. Usiningoje huko kwa sasa. Huku upande wa Misikhu ndiko alikolala Wekesa, na mama yake bado ana mambo mengi ya mwanawe ambayo mimi sijayasikia.

Nisalimie Baba, umwambie avae sweta. Nisalimie kaka Mwakio na mkewe, na shangazi anayeuza maziwa, na mama mchungaji aliyenifundisha kuimba. Yeye unaweza kumsomea yote. Niombeeni.

Ni mimi binti yako,
Mghoi