Kikapu cha Mwisho Mtoni Nzoia

Mpendwa Baba,

Leo ni Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Nimeketi kitandani katika bweni la walinzi hapa Najma, ughaibuni, na sijui nianzie wapi. Mazishi yako niliyatazama kwenye simu nikiwa lindoni Al Wukair, maana ruhusa ya kusafiri waajiri walininyima. Gari likija nilisimama, nikafungua geti, kisha nikarudi kutazama. Sikulia. Hata sasa sijalia, na hilo linanitisha kidogo.

Majirani walikuita Mzee wa Wadudu, nawe ukacheka tu. Ulistaafu ofisi ya maji lakini mto hukuustaafu. Nzoia ni mkubwa, katikati huwezi kusimama na wavu, kwa hiyo ulijaza mawe kwenye kikapu cha waya, ukakizamisha kwa kamba na kukiacha wiki sita ili wadudu wahamie, nao wakuonyeshe kama mto ungali mzima. Wakipatikana wale wa mikia mitatu, wasiovumilia maji machafu, ulifurahi kama mtu aliyepata wageni. Miaka hii ya mwisho hawakuja. Kikapu ulichotumbukiza kabla ya kuugua ndicho ulichokitumainia.

Jana wiki sita zilitimia. Nekesa, kitindamimba wako, alinipigia simu ya video akiwa mtumbwini.

“Kamba nimeiona. Nivute saa hii?”

“Vuta, lakini polepole.”

Nikaona kikapu kikitoka, maji yakichuruzika, na vitu vidogo vikidondoka navyo.

“Wavu uko wapi?” nikauliza.

“Wavu gani?”

Baba, tangu nikiwa darasa la nne ulinifundisha kwamba wavu utangulie chini ya kikapu kabla hakijatoka majini, kwa sababu wadudu huyaachia mawe. Nililijua hilo kuliko jina langu, na sikumwambia. Yeye hukuwahi kwenda naye mtoni. Kosa ni langu.

Walibaki konokono wawili na ruba mmoja. Nekesa alikuwa na daftari lako, tarehe na mahali ulishaandika mwenyewe.

“Niandike hawa?”

Nikawatazama tena wale watatu kwenye skrini. Tukiwaandika hao tu, wanaovumilia hata uchafu, mto utaonekana umekufa, na huenda wale wa mikia mitatu walikuwemo.

“Usiandike kitu,” nikamwambia.

Nisamehe, Baba. Jibu la mto ulilingoja mpaka pumzi ya mwisho, nami nimelimwaga.

Pumzika.

Mwanao wa kwanza