Punguza Kidogo

Dada yangu,

Huku sote wazima, na mtoto ameota meno mawili. Shemeji yako anaendelea na mahubiri yake, mimi bado naimbisha. Siku hizi ameng'ang'ania kwamba muziki wa kanisani uko juu mno, waumini hawajisikii wakiimba. Haya. Ila mbona ngoma na kinanda viko palepale, inayoshushwa ni maikrofoni yangu tu?

Jumapili nikamtega. Katikati ya wimbo nikafumba mdomo. Kanisa zima likaendelea kuimba, tena vizuri. Nikamtazama pale madhabahuni: macho kwa fundi mitambo, kiganja kinashuka taratibu, punguza, punguza.

Dada, nilikuwa nimeshanyamaza. Alikuwa anapunguza nini?

Usimpigie yeye simu. Nijibu mimi.

Mdogo wako, ambaye jikoni bado anasikika