Sahihi ya Koridoni

Mume wangu kipenzi,

Na bado nasema usiuondoe ule ukurasa. Simu ilikatika kabla sijamaliza, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka Jumapili ile hapa Walukuba, wiki ya pili ya ndoa yetu? Ulitandaza karatasi kitandani ukaniambia hospitali yenu ya Mbale imekupa kazi ya kuandika mpango mpya wa kufundisha madaktari wanaosomea ubingwa kama wewe. Zamani walihesabu miaka tu, na sahihi za kitabuni zisizokaguliwa na mtu. Sasa kila mmoja atapanda akionyesha anachokiweza. Nilikushikia rula, ukachora safu tatu: ameona, amesaidiwa, ameweza. Nilitazama vidole vyako nikawaza, huyu mzima ni wangu.

Nikauliza, "Nani anasema ameweza?"

"Daktari aliyesimama pale akimtazama."

"Na kama hakusimama?"

"Ndiyo, afande," ukanitania. Halafu ukaacha kucheka.

Ukanieleza habari za mwenzako aliyekukuta koridoni ukikimbilia wodi. "Bwana, nisainie upasuaji wa uzazi, nami nitakusainia wako." Wote mnafanya hivyo. Ukaandika "ameweza" kitabuni mwake, nawe hujamwona hata akishika kisu. Baadaye aliachwa peke yake na mama mmoja wa Namatala. Mama akavuja damu mpaka akafa. Mtoto analelewa na bibi yake.

Hukulia. Ulikunja karatasi moja moja, taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa umeandika kisa hicho mwanzoni mwa mpango, na jina lako chini yake, ili ieleweke kwamba asiyetazama asisaini. Jana kwenye simu ukaniuliza kama uuondoe ukurasa huo kabla kamati ya hospitali haijakaa, maana wanaweza kukufukuza.

Naogopa, mpenzi. Nakupenda hadi pikipiki ya jirani ikisimama nje moyo unaruka, ingawa najua si wewe. Nataka uwe bingwa, nataka nyumba yenye dirisha la kuelekea mtoni. Lakini nataka mtoto pia, na siku moja huenda nikalazwa mezani mbele ya mtu ambaye kitabu chake kinasema ameweza. Uache ukurasa.

Na kamati haitoshi. Yule bibi bado anadhani binti yake alikufa kwa mapenzi ya Mungu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Mbale, twende Namatala, umwambie mwenyewe.

Mkeo, anayekuwaza kutwa