Mameneja Sita na Birika Moja

Mama Neema mpenzi,

Hamjambo, wewe na wanangu? Hapa Morogoro mvua ya Uluguru imetufungia darasani tangu asubuhi. Kumbe kabla ya MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara niliyoifuata, chuo kinanitaka kwanza nimalize hii stashahada ya menejimenti! Kwenye kikundi chetu tuko sita, wote mameneja wa zamani wa mashirika ya umma yaliyouzwa. Leo tuliletewa chai na magimbi ya moto, vikapoa mezani kwa sababu kila mmoja alimngoja mwenzake amimine. Mama mpishi akachungulia: "Jamani wazee, mikono hamna?" Kwa aibu nikamimina, nikaosha na vikombe. Wenzangu wakanichagua mwenyekiti papo hapo.

Acha kucheka. Nimewakumbuka sana. Ila nikirudi usinionyeshe masufuria ya kuosha, hayo tutayasoma kwenye MBA.

Baba Neema